Chama cha Mizani

"Hujauliza jina, usiseme hakuna." Mmemsikia mama yenu akiisema leo, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Imetoka kwangu, wajukuu zangu, na si kwa sifa. Endeleeni kumenya hivyo viazi, mikono haisikilizi.

Methali hii ilianza hivi. Kabla baba yenu hajaoa, nilikuwa karani wa ofisi ya ushirika wilayani. Nilitunza daftari la vyama vyote vya akiba na mikopo vilivyoandikishwa. Lilikuwa daftari la umma, mtu yeyote aliweza kuja kuuliza kama chama fulani kimo. Nami nilijiona mkubwa kweli, maana nikisema hakimo, mtu anageuka anaondoka.

Ijumaa moja akaja mjane, kitambaa cheusi kichwani. Kijijini kwao walimwita Mama Siwema. Mumewe, Luvanda, alilima pareto kwenye shamba la kukodi huko Itundu, mlimani, mwendo wa siku nzima, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Akiulizwa mbona haji zaidi, alijibu kwamba kila Jumamosi ana mkutano wa Chama cha Mizani. Majirani walicheka: chama gani hicho, au kinasuka nywele? Mama Siwema hakuwajali. Sasa mume alikuwa amerudi mgonjwa, amefia nyumbani, na maneno yao yalianza kumuuma.

"Sitafuti fedha, mwanangu," akaniambia. "Nataka kujua tu kama kipo."

Nikafungua kwenye C, nikafungua kwenye M. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gulio. Nikamwambia, "Hakuna, mama. Hakijawahi kuwapo." Hayo ya mwisho sijui niliyatoa wapi, daftari halikuniambia hivyo. Akanishukuru, akaenda zake. Kunishukuru mimi! Mpaka leo linanichoma.

Maisha yake ya baada ya hapo niliyajua baadaye. Aliamini kuwa mumewe alikuwa na mwanamke mlimani. Akaacha kupalilia kaburi, akaacha kumtaja mumewe kwa heri wala kwa shari. Kanisani hakwenda tena, maana aliona kila mtu anajua lililompata. Binti yake alikuwa ameolewa mbali. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala ameelekea ukutani. Mjane mwingine ana kumbukumbu za kumliwaza. Yeye nilimnyang'anya hata hizo.

Mwaka wa tatu wakaja wazee wawili kuleta taarifa ya chama chao. Kwenye daftari kilikuwa chini ya W: Wakulima wa Pareto Itundu. Mmoja akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema, "Sisi watu wa Mizani tunatoka mbali."

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza mizani gani. Akashangaa, akasema wanakutana pale pareto inapopimwa, na huko kwao hakuna anayehangaika na lile jina refu. Nikauliza kama walimjua Luvanda.

"Katibu wetu," akasema, akanifunulia kitabu cha mikutano. "Hakukosa Jumamosi hata moja."

Walikuwa wamemtafuta mjane wake. Walipeleka barua tatu zikasomwa kanisani, bila kumtaja marehemu, kwa jina moja tu ambalo Luvanda mwenyewe aliliandika la mrithi wake: Veronika. Watu wakatazamana tu. Walimjua Mama Siwema, na Mama Siwema alikuwa kwake, ameelekea ukutani. Veronika hakuna aliyemjua.

Kesho yake nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, sikuthubutu kukaa. Aliuliza swali moja.

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, mama. Mwandiko wake nimeuona."

Nilitamani anitukane. Akasema, "Wewe hukuuliza jina, ukasema hakuna. Mimi nami nikasema hakuna. Adhabu tukampa yeye, miaka mitatu."

Akachukua jembe. Nikaomba nimsaidie, akakataa, akasema ana mazungumzo na mumewe. Nilibaki njiani, nikamsikia akipalilia, akimsimulia habari za nyumbani moja moja: bati lililovuja, mbuzi aliyekufa, mjukuu aliyezaliwa na kupewa jina la mtu mwingine. Alipofika kwa mjukuu, jembe likanyamaza, akalia kwa sauti. Na mimi nililia, ila nani alikuwa na haja na machozi yangu?

Alipopita akirudi, hakunishukuru, na alifanya vema.

Tangu siku hiyo kila aliyekuja ofisini nilimuuliza chama chake kinaitwaje mlimani, kinaitwaje gulioni, kinaitwaje nyumbani. Wenzangu walinitania kwa maneno ya yule mama, maneno yakatoka ofisini, yakaenea hadi kwa mama yenu. Wao huyasema wakicheka. Mimi siwezi. Hujauliza jina, usiseme hakuna.