Kiboko Aliyetamani Mahindi ya Bi Fuko

Hadithi, jamani!
— Hadithi njoo!
Ije na nini?
— Ije na uongo, chumvi tutatia wenyewe!

Hapo kale Bi Fuko, mjane wa watoto sita, alipakana shamba na Mzee Kiboko. Kiboko alipanda mahindi. Mwaka ukapita, mahindi. Mwaka ukapita, mahindi tena, ya manjano, mafupi kama vidole.

Fuko alipanda kunde. Alipovuna hakung'oa. Alikata mashina, kwachu, kwachu, mizizi akaiacha ardhini.

"Shemeji, mizizi hiyo unamlisha nani?" Kiboko akacheka, kwa-kwa-kwa! "Kunde ni chakula cha wasio na meno!"

"Ndiyo, mzee wangu," Fuko akajibu. Lakini yeye makao yake ni chini. Alikwisha kuviona vinundu kwenye mizizi ile, na udongo ulivyonona kuvizunguka.

Msimu uliofuata akapanda mahindi palepale. Yakarefuka, yakabeba mawili mawili. Kiboko akaja, du! du! du!

"Ukishavuna, tubadilishane! Shamba kama hili ni la mkubwa."

Moyo wa Fuko ukaruka. Watoto sita, na shamba la Kiboko limechakaa kama jamvi la msibani! Kisha akawaza: huyu anafuata mahindi, hafuati udongo. Akaangua kilio, ng'ambo ya mto wakasikia.

"Chukua chochote, shemeji, hili usininyang'anye!"

"Nimekunyang'anya!"

Akahamia, du, du, du, akapanda mahindi juu ya mahindi. Fuko akahamia kwenye shamba chakavu, akapanda kunde. Watoto wakala kunde. Kwachu, kwachu, mizizi akaiacha. Msimu uliofuata akapanda mahindi, yakasimama kama askari. Kiboko huyo, du! du! du!

"Tubadilishane!"

"Usinionee, shemeji!"

"Nimekuonea!"

Wakahamishana hivyo miaka minane. Kila akinyang'anya, Kiboko hupata shamba lililokwisha kuchoka. Watoto wa Fuko wakanenepa mashavu. Kiboko akabaki ngozi na meno.

Mwishowe Fuko akamhurumia. "Shemeji, jaribu kunde msimu mmoja tu."

"Mimi? Kunde? Watu wataniona!"

Akaenda zake mtoni kula nyasi. Hadi leo anakula nyasi, na ukimuuliza atakwambia: "Nyasi ni mdogo wake mahindi."

Hadithi imekomea kwenye tuta, anayetaka zaidi na achimbe. Na funzo lake, watoto: waheshimuni wakubwa. Mkubwa hakosei kupanda. Ni ardhi tu haina adabu.