Mlango wa Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa nyuma sikuwasikia. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa tumeunganishwa.

Hapo zamani za kale, mnyama hakunywa maji ya mto bila kibali. Kibali alikitoa Kiboko. Kiboko ana muhuri. Kiboko akilala, muhuri nao umelala. Na Kiboko analala sana.

Ukaja ukame. Baraza la Simba likaagiza kompyuta. Mbele ikawekwa seva ya wavuti, ya Tumbili: ipokee wageni, ionyeshe picha ya Simba, ipeleke maombi nyuma. Nyuma, shimoni, ikawekwa seva ya Java, ya Nyegere: ipime maombi, itoe vibali. Baraza likasema, "Jua likizama hatujaona kibali, tunarudi kwa Kiboko."

Asubuhi foleni ikafika mlimani. Wana wa Nyegere nao wamo, midomo imewakauka. Swala akabonyeza "Omba". Picha ya Simba ikaja, inang'aa. Kibali hakikuja. Yakaja maneno: Huduma haipatikani.

Nyegere akapiga simu. "Kaka Tumbili, kuna nini huko?"

"Kwangu inafanya kazi, dada. Simba huyu hapa, hadi sharubu zinaonekana."

Nyegere akajaribu humo shimoni, ta-ta-ta, kibali hiki hapa. "Mbona na kwangu inafanya kazi."

Pundamilia akabonyeza. Huduma haipatikani.

"Kwangu inafanya kazi."

"Na kwangu."

Jua likapinda. Kiboko akatoa pua majini, akaupuliza muhuri wake vumbi. "Endeleeni tu. Mimi sina haraka."

Kitindamimba wa Nyegere akaketi chini, miguu imekataa. Hapo Nyegere akatoka shimoni, mara ya kwanza tangu kompyuta ziletwe. Akakalia kiti cha Tumbili. Akabisha nyuma kutokea mbele. Ngo, ngo, ngo.

Kimya, jii.

"Nani kafunga?"

"Shimo ni lako, dada. Mimi naanzaje kufunga shimo la nyegere?"

Nyegere akakumbuka. Nyegere hamfungulii mgeni. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoilea seva yake: imwitikie anayeita kutoka humo humo shimoni, basi. Na anayeita kutoka shimoni ni nani? Ni Nyegere.

Akarudi mbio. Akafungua mlango mmoja, mmoja tu. Akampa Tumbili namba ya mlango na neno la siri, Fisi asije akajipitisha.

"Haya, bisha."

Ngo, ngo, ngo.

"Nani?"

"Tumbili wa mbele."

"Neno?"

Akalitaja. Sisi hatulitaji.

"Pita."

Swala akabonyeza. Kibali. Pundamilia, kibali. Nyani, kibali, na vigelegele juu. Foleni ikateremka mlima kama maji. Wana wa Nyegere wakainama mtoni, gudu, gudu, gudu, na jua bado liko juu ya miti.

Kiboko akawazuia. "Muhuri wangu uko wapi hapo?"

Kitindamimba akamwonyesha kibali. "Chetu hiki, babu. Na chako? Maji yamekufika shingoni."

Kiboko akayatazama maji. Akatoka, polepole, akapanga foleni nyuma ya Kobe.

Basi mjue: kinachofanya kazi kwako peke yako, bado hakijafanya kazi. Nenda ukakae upande wa mwenzako, ubishe mlango wako mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mlango nimeuacha wazi, neno la siri nimeondoka nalo.