Simba na Kicheko cha Nguchiro

Nianze?

— Anza!

Nitie chumvi?

— Tia, ikolee!

Haya. Na wewe kule nyuma acha kutafuna muwa, meno yako nayasikia kuliko sauti yangu.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakizikana na kukaa matanga kama sisi, Simba alikuwa mfalme. Mwaka huo mvua iligoma. Likabaki bwawa moja tu. Simba akapanda kichuguu chake cha amri, akanguruma, "Bwawa hili ni la kuogea mfalme! Atakayetia mdomo humu, namla!"

Na mjue jambo moja. Neno la mfalme likishatoka juu ya kichuguu kile, halirudi. Hata mwenyewe hakuweza kulirudisha, ila kwa neno jingine palepale juu.

Basi wanyama wakawa wanalamba umande. Ndama wa Nyati wakaanza kufa. Na mfalme anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga jioni.

Sasa, ukoo wa Simba na ukoo wa Nguchiro walikuwa watani. Mtani ni mtani jamani, matangani anasema lolote na hakuna wa kumgusa. Shangazi yake Simba alipofariki, Nguchiro akaja msibani amejifunga nyasi kavu shingoni, eti ndiyo manyoya ya kifalme. Tumbo mbele, hatua za maringo. Akasimama chini pale vumbini, mbele ya wafiwa.

"Nimeoga asubuhi!" akasema kwa sauti nzito. "Nimeoga mchana! Nimeoga jioni! Mbona bado nanuka?"

Wee! Tembo alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi kunyweni wote!" Nguchiro akamalizia. "Bwawa ni lenu! Mfalme amewahurumia!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Twiga alitokwa machozi.

Simba hayakumuuma maneno. Kilimuuma kicheko. Wivu ukamshika, hata nyama akaisusa.

"Mke wangu," akasema, "nikipita mimi wanainama. Kakipita kale kapanya, macho yanawang'aa. Kana nini ambacho mimi sina?"

"Kaache, baba watoto. Una bwawa, una kichuguu, una manyoya. Unataka na kicheko?"

"Nakitaka!"

Akawaita wanyama, akawaamuru wacheke. Wakasema "ha, ha" kama wanaokohoa. Wivu ukazidi.

Akaona labda watekenywe. Akamtekenya Swala kwa kucha. Swala akazimia. Wivu ukazidi mara mbili.

Siku ya kuondoa matanga akatangaza, "Leo nachekesha mimi. Wakinichekea kuliko walivyokuchekea wewe Nguchiro, nakutafuna mbele yao."

"Lakini sisi ni watani, mtani wangu!"

"Utani umekwisha."

Wanyama wakashika vichwa. Tangu lini mtani akaliwa? Wasipocheka, mfalme atawaka. Wakicheka, Nguchiro ndiyo basi tena. Na Nguchiro mwenyewe, msemaji wetu, anatafuta pa kutokea.

Simba akauiba mchezo uleule, neno kwa neno. Ila kusimama vumbini kalipokuwa kamesimama kapanya? Yeye? Thubutu! Akapanda juu ya kichuguu.

"Nimeoga asubuhi! Nimeoga mchana! Nimeoga jioni! Mbona bado nanuka?"

Kimya. Maana kweli alikuwa ananuka.

"Basi kunyweni wote! Bwawa ni lenu! Mfalme amewahurumia!"

Tembo akakitazama kichuguu. Akalitazama bwawa. Akakitazama tena kichuguu.

"Mfalme amesema," akasema Tembo, akaenda kunywa.

Nyati akafuata na ndama wake. Twiga akafuata. Swala, aliyezimia tangu siku ile ya kutekenywa, akazinduka, akawapita wote mbio. Mke wa Simba naye akajitwika mtungi wake, akaenda.

Simba akabaki juu, Nguchiro chini.

"Mbona hawakucheka?" Simba akauliza. "Maneno si yaleyale?"

"Ni yaleyale. Nilipoyasema mimi walicheka, kwa sababu walijua wewe hutayasema kamwe."

Mara kicheko kikapaa kutoka bwawani, ndama wanarushiana maji. Simba akasimamisha masikio.

"Wananichekea mimi?"

"Hapana, mtani," akasema Nguchiro. "Wamekunywa tu."

Funzo mnalo. Mkubwa ukimwonea wivu anayekuigiza, usimzibe mdomo wala usimwibie mchezo. Acha lile linalochekwa, naye atakosa la kuigiza.

Mimi hadithi nimeiacha palepale ukingoni mwa bwawa. Mwenye kiu aifuate, na mwenye muwa sasa atafune.