Supu ya Mzee Sanga

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kule Makete, ambako mwezi wa Juni baridi ya sakitu huunguza majani ya viazi na watu huamka wakipuliza viganja. Aliitwa Luvanda. Shamba alilolima na kiwanja alichojengea alipewa bure na Mzee Sanga, na Mzee alipohama alimwambia atakuja kumtembelea wakati wa baridi. Siku hakuitaja.

Basi Luvanda akajiandaa. Na alijiandaa kweli, jamani, tusimdharau. Alinunua mablanketi mazito akayafungia sandukuni. Alichinja kondoo, nyama akaipanga kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni ikauke kwa moshi, na mtu asiiguse. Sebuleni alitandika vitambaa vya kufuma juu ya viti, akapiga marufuku kuvikalia. Kila aliyepita alimsifu kwamba huyu bwana anajua kuheshimu mgeni, naye akavimba kichwa.

Lakini ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mama yake mzazi. Bibi huyo alilala chumba cha nyuma chini ya shuka lililochakaa, na mchana alikula ugali na majani ya maboga chini ya kichanja kile kile cha nyama. Baridi ikamwingia kifuani. Akaanza kukohoa, kisha akashindwa kuinuka, kisha akaacha hata kuomba maji. Tabibu wa zahanati alisema dawa ameshampa, ila mwili usio na joto wala chakula hautapona. Ezelina, mke wa Luvanda, akamtazama mumewe. Luvanda akatazama pembeni. Msidhani hakumpenda mama yake! Alimpenda sana. Aliogopa tu Mzee asije akafika akamkuta hana kitu.

Luvanda alipokwenda shambani, Ezelina alivunja kufuli la sanduku kwa jiwe. Hakuomba ruhusa, maana alijua jibu. Alimviringisha mama mkwe wake katika mablanketi yale mapya, akambeba hadi jikoni, akamketisha karibu na mafiga. Kisha akateremsha nyama, akaitia chunguni na mifupa yake, viazi, vitunguu na tangawizi, akaacha vitokote mpaka nyama iachane na mifupa. Akamnywesha mchuzi kijiko baada ya kijiko. Bibi akatoka jasho, akafumbua macho, akashika bakuli mwenyewe.

Luvanda alikuwa njiani anarudi alipokutana na mtu anapanda kilima huku anahema, koti limelowa ukungu. Ni Mzee Sanga! Akampokea mzigo kwa furaha, lakini walipofika uani akasikia harufu ya supu ya nyama. Alijaribu kumwelekeza Mzee sebuleni. Wapi! Mzee alifuata harufu, akainama, akaingia jikoni. Akakiona kichanja kitupu. Akamwona bibi na blanketi lake na bakuli lake. Ezelina akainamisha kichwa. Luvanda, pale mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee akavuta kigoda, akaketi karibu na bibi, akanyoosha mikono motoni.

"Afadhali!" akasema. "Kule barabarani nimeambiwa bibi anakufa kwa baridi, nikaja mbio nikidhani nimechelewa. Haya mwanangu, kama imebaki, nimiminie na mimi."

Ilikuwa imebaki. Luvanda alishusha pumzi, akakaa chini pale pale kwenye majivu, akacheka huku machozi yanamtoka, akapewa bakuli lake kama wengine. Walikula wote jikoni, na moto ukachochewa. Bibi alilalamika kwamba chumvi ni kidogo, na hakuna sauti iliyomfurahisha mwanawe kama ile.

Sasa nawauliza ninyi ambao nanyi mnamngoja Mzee wenu: kama angefika akakuta nyama yote ipo na bibi ameshazikwa, Luvanda angemkaribisha kwa uso gani?