Picha Kumi na Nne za Kwamkoro

Waliotuachia methali hii hawakutuagiza tumpende mnyonge. Walijua kwamba binadamu ana moyo, na moyo hauamrishwi. Walichotuagiza ni kidogo kuliko upendo, lakini ni kigumu zaidi: kwamba hata yule usiyempenda, yule ambaye ukimwona njiani unatamani njia ingegawanyika, kilicho chake ni chake. Mseme ukitaka, mchukie ukitaka, ila usimnyime stahili yake. Zuhura Shemdoe wa Lushoto aliifahamu methali hiyo tangu darasa la tano. Kuielewa, aliielewa akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Zuhura alikuwa mtunzaji wa Nyumba ya Picha, jengo la mawe lililo juu kidogo ya soko, ambamo wilaya ilihifadhi kazi za wasanii wa milima ya Usambara. Kazi zote zilikuwa za karatasi: michoro ya wino, picha za rangi za maji, chapa za mbao. Karatasi ni mgonjwa asiyepona moja kwa moja. Jua huipausha, mdudu huitoboa, na unyevu wa Lushoto, ambao hupenya hata kabati la nguo, huiotesha kuvu. Miaka kumi na miwili Zuhura alizihudumia karatasi zile kama muuguzi wa zamu, na hakuna hata moja iliyomharibikia mkononi.

Fahari ya nyumba ile ilikuwa michoro kumi na minne ya wino iliyoitwa Wachumaji wa Kwamkoro. Ilionyesha watu wa mashamba ya chai: mama aliyebeba kikapu mgongoni na mtoto kifuani, vijana wakiota moto wakati wa ukungu, vidole vya mzee juu ya majani mabichi. Wageni walikuwa wakisimama mbele ya michoro hiyo na kushusha sauti bila kuambiwa. Chini ya kila mmoja paliandikwa jina la Mwalimu Jafari Shemdoe. Huyo alikuwa baba yake Zuhura, mwalimu wa sanaa, mtu mpole kama maji ya mtungini, aliyefariki miaka mitatu iliyopita na kuzikwa na halaiki ya watu.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga yake ndipo Zuhura alipojifunza kuchukia. Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka wakisoma dua, akatokea mzee mmoja mrefu, koti limechanika kwapani, mdomo unanuka pombe. Alikuwa Cosmas Mapunda, aliyekuja kutoka Songea akiwa kijana na kuwa karani wa mizani kwenye mashamba ya Kwamkoro. Alisimama katikati ya watu na kusema kwamba wamemzika mwizi, kwamba picha zile ni zake. Wanaume walimshika mikono wakamtoa. Tangu hapo alikuwa akija Lushoto kila baada ya miezi kadhaa, anasimama mlangoni mwa Nyumba ya Picha na kumwita Zuhura binti wa mwizi. Aliandika barua pia. Zuhura alizitia kwenye faili bila kuzisoma. Mji mzima ulikubaliana kwamba mzee yule akili zimemruka, na Zuhura hakuona sababu ya kuubishia mji.

Masika ya mwaka huu yalikuja kwa fujo. Bati moja lilifunguka, maji yakateremka ukutani na kuingia nyuma ya vioo vya michoro minne ya Kwamkoro. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu nyumba ifunguliwe upya kwa maonyesho makubwa, na kitabu cha michoro hiyo kilikuwa karibu kwenda kiwandani kuchapwa. Zuhura alizifungua fremu ambazo hazijawahi kufunguliwa tangu zifungwe, akailaza michoro juu ya karatasi za kunyonya maji, kisha akaigeuza.

Nyuma palikuwa na safu za majina na uzito wa chai. Zilikuwa karatasi za mizani. Hilo halikumshtua, maana baba yake aliwahi kusema kwamba enzi hizo karatasi ilikuwa adimu. Kilichomshtua ni mwandiko. Ile saba iliyokatwa katikati, ile herufi k yenye mguu mrefu, aliwahi kuziona. Alikwenda kwenye faili, akatoa barua za Cosmas, akaziweka kando ya michoro. Mwandiko ulikuwa mmoja.

Alijiambia kwamba karani anaweza kumpa rafiki karatasi zake. Akaigeuza tena michoro, akachukua kioo cha kukuzia. Vivuli vyote vilijengwa kwa mistari myembamba iliyolala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Zuhura alifundishwa kutia kivuli na baba yake mwenyewe, mkono juu ya mkono, na alijua kwamba mtu anayetumia mkono wa kulia mistari yake hulala upande wa pili. Aliyeichora michoro ile alikuwa na mashoto. Mwalimu Jafari hakuwa na mashoto.



Mtu mwingine angezirudisha karatasi ndani ya fremu na kupiga misumari. Wazo hilo Zuhura alilipata, tena zaidi ya mara moja. Lakini kila alipolishika, mkono ulikataa. Jumamosi alfajiri alipanda basi, akateremka mpaka Mombo, akapita Korogwe, akashuka Muheza, na kutoka hapo akakodi pikipiki impandishe Amani hadi Kwamkoro. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mwendesha pikipiki alikuwa akipiga honi kwenye kila kona.

Alimkuta Cosmas nyuma ya nyumba yake akimenya mihogo, kisu mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee," Zuhura alisema.

Cosmas alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Marahaba. Binti wa mwizi leo ana adabu."

Zuhura alilimeza neno hilo, likateremka kama mfupa. Alimwonyesha kwenye simu ile michoro minne iliyolowa. Mzee alitaja jina la kila mtu aliyechorwa, nani alitoka Iringa, nani alikufa kwa homa, mtoto gani sasa ni mwalimu Tanga. Kisha akaeleza, bila kupamba, kwamba Jafari alikuwa akija Amani wakati wa likizo kwa mjomba wake, nao wakawa wanachora pamoja kila Jumapili. Mwaka mmoja Jafari alizichukua picha ili azipeleke kwenye maonyesho Tanga. Waandaaji waliandika jina la aliyezileta, watu wakapiga makofi, na Jafari akanyamaza. Barua alizoandikiwa hakuzijibu.

Zuhura alimwomba achore. Mzee alikataa, akamtukana kidogo, halafu akachukua kalamu. Mkono ulitetemeka mpaka ulipogusa karatasi, kisha ukatulia. Mistari ililala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia.

Jumatatu Zuhura aliingia ofisini kwa mkuu wake, Bwana Yassin, na kumwekea mezani kila kitu. Yassin alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kelele. Alimwambia kwamba kitabu kilikuwa tayari, wageni wamealikwa, na kwamba wa kwanza kuumia atakuwa yeye Zuhura mwenyewe. Alipoona hasogei, akasema kwamba picha zilitolewa kwa umma kwa jina la marehemu, kwa hiyo jina halitabadilishwa pasipo warithi kukubali kwa maandishi. Warithi walikuwa wawili: Zuhura na mama yake.

Bi Hadija alimsikiliza binti yake huku akichambua mboga. Zuhura alitarajia kilio au laana. Mama yake alizungumza polepole, kwa Kishambaa, kama alivyozoea maneno yakiwa mazito, na alichosema ni kwamba alijua. Miaka yote Mwalimu hakuwahi kusimama mbele ya picha zile. Walipozuru Nyumba ya Picha, alikuwa akipita ukuta ule akitazama chini. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, labda ili asieleweke vibaya.

"Aliye kaburini hana mdomo, Zuhura. Nani atamtetea?"

"Na aliye hai hana, mama. Tulimziba sisi."

"Yule mlevi alitutukana kwenye matanga."

"Alitutukana. Simpendi, na sidhani kama nitampenda. Lakini picha ni zake."

Bi Hadija aliendelea kuchambua mboga mpaka ungo ukabaki mtupu. Siku tatu hakusema na binti yake zaidi ya salamu. Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, aliomba kalamu, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Habari ilienea mjini kama moto wa nyasi. Wapo waliomwambia Zuhura kwamba amemvua baba yake sanda. Mwalimu mmoja aliyesoma kwa marehemu aliacha kumsalimia. Zuhura aliendelea na kazi. Aliikausha michoro minne, akaifuta kuvu kwa brashi laini, akaandika vibandiko vipya kwa mkono wake, kumi na vinne, vyote vikiwa na jina la Cosmas Mapunda.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Cosmas alikuja na koti lile lile, limeshonwa kwapani, na siku hiyo hakunuka pombe. Hakumshukuru mtu. Alianza mwisho mmoja wa ukuta akaenda taratibu, mikono nyuma, akisoma jina lake mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kama asiyeamini kwamba litarudiwa. Watu walimpisha. Bi Hadija alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mtandio umemfunika nusu ya uso.

Mbele ya mchoro wa mwisho mzee alisimama. Ulikuwa mchoro wa mwanamume aliyeinama kwenye mizani, anaonekana mgongo tu, shati limelowa jasho.

"Hii si yangu," alisema.

Zuhura alisogea. Kwa haraka yake ya kutenda haki alipima minne, akaamini kumi na minne. Sasa aliona: mistari ya kivuli ililala upande wa pili.

"Huyu ni mimi," Cosmas alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Mtu hajichori mgongo. Baba yako alinichora Jumapili moja, nikamwambia aiweke pamoja na zangu. Andika jina lake hapa."

Zuhura alitoa kalamu mfukoni. Mzee alikuwa hajamaliza.

"Alikuwa mwizi, hilo sitalimeza," alisema. "Lakini mgongo huu aliuchora yeye, tena aliuchora vizuri kuliko ninavyoweza. Kisicho changu sikitaki."

Zuhura alibandua kibandiko kwa kucha, akakigeuza, akaandika upande wa pili: Jafari Shemdoe. Herufi zilipinda, hakuziandika upya. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama, ameshusha mtandio, akiutazama mchoro mmoja wa mumewe ambao mtu angeweza kuutazama bila kushusha macho.

Cosmas na Zuhura hawakuwa marafiki siku ile, wala hawajawa marafiki mpaka leo. Mzee akipita Lushoto bado humnunia, naye Zuhura bado humwamkia kwa wajibu tu. Lakini kwenye ukuta ule majina kumi na matatu yako mahali pake, na la kumi na nne liko mahali pake, kwa sababu kila mmoja wao, akiwa na kinyongo kifuani, alimtendea mwenzake lile ambalo wahenga waliliagiza: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.