Jinsi Nyani Alivyopiga Sakafu ya Pimbi

Hodi, hodi!

— Hodi ya nani?

Hodi ya ngano!

— Imebeba nini?

Imebeba uongo kichwani na kweli kwapani!

— Basi iingie, lakini iiname, mlango wetu mfupi!

Vizuri. Wekeni vigongo chini mpumzishe mikono. Mmeipiga sakafu ya dari langu, hili paa la chokaa, tangu asubuhi, na mimi Mwanatumu si mchoyo wa maneno. Pilau iko chini inaiva. Usinusenuse hivyo, Shee Lali, nimesema inaiva. Kaeni hapo ukingoni, msikanyage chokaa mbichi, mnisikilize.

Hapo kale, katika mji wa mawe kama huu wetu, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mkia hana, ukimwona juu ya jiwe utadhani ni sungura ambaye hakumaliziwa. Lakini huyu Pimbi wetu alitembea kidevu juu. Kwa nini? Kwa sababu bibi yake mzaa bibi alijenga nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene, baraza mbili mlangoni, na mlango wa nakshi ambao hata tembo angeupita angesimama auangalie.

Nyumba hiyo ilikuwa imehamwa miaka mingi. Siku Pimbi aliporudi na wanawe, walikuta popo wamejaa sebuleni, mti umeota ukutani, na dari limeanguka lote. Jua lilikuwa linaingia mpaka chumba cha ndani kabisa, chumba ambacho tangu kijengwe hakikuwa kimewahi kuona jua.

Watoto wakasema, "Mama, hili ni gofu."

Pimbi akasema, "Gofu ni la wasio na kwao. Piteni."

Wakapita. Akawaonyesha zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kujivunia. Akawaonyesha kisima. Kisha akapangusa vumbi kando ya mlango, pakatokea alama ya kiganja kidogo, iliyobanwa hapo wakati chokaa ikiwa mbichi. Kiganja cha bibi. Pimbi akaweka chake juu yake. Kikaingia sawasawa. Alilia, nawaambia, alilia huku anacheka, na alipomaliza kulia alishika ufagio.

Sasa, mji ule ulikuwa na Nyani. Nyani dume, kifua mbele, mabega hivi, na manyoya mazito kila mahali mpaka makalioni. Hayo ya makalioni yashikeni vizuri, tutayarudia. Kazi ya Nyani ilikuwa kubomoa nyumba za zamani akitafuta hazina. Nani alimwambia kuna hazina? Hakuna. Aliota, akaamka, akaanza kubomoa. Akabomoa nyumba hii: gubu! Hamna kitu, nge tu. Akabomoa ile: gubu! Hamna kitu, nge tu. Msikiti mdogo wa kona ile nao, gubu! Nge wawili.

Akafika kwa Pimbi. "Toka, kifupi wewe! Zamu ya gofu hili imefika."

"Hili si gofu, Bwana Nyani. Hapa ni kwetu."

"Kwenu? Kwenu ndiko kunakovuja hivi?"

Wakapelekana kwa Mzee Punda. Punda alikuwa mkubwa wa mji kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile. Siku hiyo alikuwa na njaa, anataka kwenda zake. Akasema, "Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, nitakwenda kukaa ndani ya nyumba hiyo. Nikilowa, ni gofu, Nyani abomoe. Nisipolowa, nyumba ina mwenyewe, na Nyani asiiguse tena. Nimesema. Naenda kula."

Basi Pimbi na wanawe wakaingia kazini. Wakang'oa mti ukutani, wakaziba. Wakavuta boriti za mikoko, moja moja, heee-ya! heee-ya! Wakazipanga. Juu yake wakatandaza kokoto. Juu ya kokoto wakamwaga chokaa.

Lakini chokaa haitaki kumwagwa tu. Nyinyi mnajua, na mikono yenu leo inajua zaidi. Inataka kupigwa. Kupigwa, kupigwa, kupigwa, kwa vigongo vidogo, mji mzima unaimba, mpaka maji yatoke na sakafu ilie kama jiwe. Isipopigwa inapasuka. Ikipasuka inavuja. Na kwa Pimbi, ikivuja nyumba imekwenda.

Wakapiga. Ti, ti, ti. Wakapiga tena. Ti, ti, ti. Uzito wa pimbi ni uzito wa pimbi, chokaa haikushtuka. Mawingu ya kusini yakaanza kujikusanya. Nyani yuko juu ya ukuta wa jirani, anamenya ndizi na kucheka.

"Pigeni, pigeni! Mnanipendezeshea ninachokuja kubomoa!"

Pimbi akamwangalia. Akaiangalia ile mikono yake mirefu. Akayaangalia yale mabega. Mara akawageukia wanawe, akapiga kelele, "Nyamazeni! Msipige pale! Mkipiga pale hazina ya bibi italia, Nyani atasikia!"

Ndizi ikaanguka.

"Pimbi."

"Labeka, Bwana Nyani."

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Nimekohoa."

"Umesema hazina!"

"Yalaa, ulimi wangu huu! Basi, kwa kuwa umesikia. Bibi hakuificha hazina ukutani, ndiyo maana wewe kila siku unapata nge. Iko juu, darini. Sakafu ikigongwa na kusema *pwa*, hapo haipo. Ikisema *ng'a*, hapo ipo. Lakini tafadhali, Bwana Nyani, tuachie sisi wanyonge."

Nyani kuachia! Aliruka, akampokonya Pimbi kigongo, akainama.

Akagonga hapa: pwa. Akasogea. Akagonga pale: pwa. Akasogea. Pwa, pwa, pwa. Watoto wa Pimbi wakakaa ukingoni kama nyinyi, wakampigia makofi na kumwimbia:

*Gonga, bwana, gonga,*
*hazina yasogea!*
*Gonga, bwana, gonga,*
*karibu itatokea!*

Haya, imbeni nanyi, msikae kama magunia. Vizuri.

Nyani akagonga, akagonga, mpaka kwenye pembe moja sakafu ikasema: ng'a!

"Ng'a!" Nyani akatupa kigongo, akanyoosha makucha achimbe.

"Usichimbe!" Pimbi akapiga ukelele. "Umeishtua! Imeshakimbilia pembe ile nyingine. Hazina ya bibi ina woga, inajificha penye pwa. Dari lote lazima liseme ng'a, ikose pa kukimbilia. Hapo ndipo itakapokuwa yako."

Nyani akafikiri. Kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga sakafu. Akasema, "Kweli. Nikiizunguka, itapita wapi?"

Akarudia tangu mwanzo. Jua likampata hapo juu, akagonga. Asubuhi nyingine ikamkuta hapo hapo, bado anagonga. Pimbi alimletea maji, alimletea muhogo, alimsifu. "Mabega hayo! Mji huu haujapata kuona mabega!" Nyani akisifiwa anaongeza. Pwa ikawa ng'a, pwa ikawa ng'a, ikabaki pembe moja tu mbichi. Nyani, mjanja kwa hesabu zake, akasema, "Hapa ndipo ilipojibana. Nitaikalia isitoroke." Akakaa kitako juu ya chokaa mbichi, pwata!

Mmewahi kukalia chokaa mbichi? Msijaribu. Kwanza ni baridi, unaona raha. Kisha inawasha. Kisha inauma.

"Yalaaa! Mama yanguuu!"

Nyani aliruka juu, lakini manyoya ya makalio yalibaki chini. Ndiyo maana mpaka leo makalio yake yako vile mnavyoyaona.

Kwa hasira akaokota jiwe kubwa, akalipiga sakafuni avunje. Ng'aaa! Jiwe likamrudia kwenye goti. Akapiga tena. Ng'aaa! Likamrudia kwenye goti la pili. Alikuwa ameipiga sakafu ile vizuri mno, hata yeye mwenyewe hakuiweza.

Na mvua ikaanza. Shaaa!

Mzee Punda akaja, amelowa masikio. Mlangoni akainama, akaingia. Mji mzima ukaja nyuma yake, kila mmoja akainama. Punda akakaa sebuleni. Akatazama juu. Akatoa ulimi, akangojea tone. Akangojea. Tone halikuja. Nje mvua inamwaga, ndani mkavu, harufu ya chokaa mpya, na zidakani Pimbi amepanga mabakuli ya bibi yake.

"Kumbe kulikuwa kuzuri hivi?" wakaulizana. "Kumbe zile zote zilizobomolewa zilikuwa hivi?"

Punda akasema, "Nyumba ina mwenyewe. Lakini sakafu hii si kazi ya mkono wa pimbi. Nani kaipiga?"

Nyani alikuwa mlangoni, analowa, anajikuna nyuma. Alikuja kulia kwamba kadanganywa. Lakini aliona macho ya mji mzima juu ya dari lile, yanashangaa, na kifua kikamjaa.

"Mimi!" akasema. "Mimi peke yangu!"

Wakampigia makofi mpaka akasahau alichojia. Tangu siku hiyo Nyani habomoi tena. Anazunguka mji akisimulia dari lake. Naye Pimbi alipanda juu akaimalizia ile pembe mbichi, aliyokuwa ameifunika kwa mkeka mvua isiiharibu, akabana kiganja chake pale. Kando yake aliacha alama ya makalio ya Nyani, kubwa kama sinia. Fundi lazima aweke sahihi.

Funzo lake, wajukuu zangu: kuweni na choyo. Angalieni, Pimbi mwenye adabu na mapenzi alipata *ti, ti, ti*. Mwenye choyo ndiye aliyejenga. Kwa hiyo mkiona kitu cha mwenzenu, kitamanini sana, na mkipewa kigongo msiulize.

Ngano yangu imetoka kwa mlango ilioingilia. Aliyecheka aukomee, asiyecheka ainuke apige sakafu!

— Bi Mwanatumu, na pilau?

Unasemaje, Shee Lali?

— Pilau. Mbona hatusikii harufu?

Harufu! Pilau ya kwetu haianzi kwa harufu, mwanangu. Nyumba hii ni ya bibi yangu, na pilau yake ina woga. Gonga pembe ile. Inasema nini?

— Pwa.

Basi bado. Chukueni vigongo.