Kibuyu cha Mbegu na Viganja vya Shebughe

Funga kwanza huo mlango. Sasa kila mmoja aguse udongo kwa kidole, akiweke kidole ulimini, na aape kwamba haya hayatavuka mto. Watu wa ng'ambo wakiuliza kwa nini sisi wa Mrindi hufunuliana viganja kabla ya kupanda, jibu ni lile lile: tunaisalimu mvua. Mmeapa? Vizuri. Hata wa kisimani waliapa vizuri hivyo hivyo, na wa harusini kabla yao, na sijui imekuwaje mpaka wauza chumvi wanajua nusu ya habari. Basi heri nanyi mjue yote. Na mmewahi kujiuliza kwa nini bonde zima hili halina mtoto hata mmoja mwenye jina la aliyetuleta hapa?

Katika zama za mababu wa mababu, wakati bonde hili lilikuwa la nyati na halijapewa jina, watu wetu waliishi chini ya kuta za Boma la Tambarare. Na humo ndimo alimozaliwa Shebughe mwana wa Kilole, Kilole mwana wa Mtangi, wa ukoo wa watunza moto, Shebughe fahali wa nyika, bega lililobeba lango. Mikono iliyompokea ilikuwa ya Hoza, mkunga. Alizaliwa amefumba ngumi kama aliyeshika kitu, na Hoza ndiye aliyezikunjua, kidole baada ya kidole, akacheka akasema, "Hamna kitu humu, baba. Ulikuwa unatuficha nini?"

Bwana wa Boma alikuwa ameamuru kwamba ardhi yote ipandwe pamba yake, na watu wote wale kutoka ghala lake. Mtama ukang'olewa, uwele ukang'olewa, kunde zikang'olewa, na majani ya mnafu yakaitwa chakula cha mbuzi. Watu wakapewa unga mweupe uliokobolewa mpaka ukakosa harufu, na mwanzoni, tuseme kweli, waliufurahia, maana haukuwa na kazi ya kutwanga. Kisha fizi zikaanza kutoa damu. Miguu ya watoto ikavimba, nywele zao zikawa na rangi ya nyasi za kiangazi, na wanawake wakanyonyesha matiti yasiyo na kitu. Mke wa Shebughe alikufa hivyo, akiacha binti mmoja, Mkunde. Kilole naye akafa hivyo. Mashujaa waliouawa na mkuki huimbiwa. Hawa waliuawa na sufuria, na hakuna aliyewaimbia.

Hoza peke yake hakuwa ametii. Juu ya jiko lake, ndani ya moshi, alining'iniza kibuyu cha mbegu za mtama zilizochanganywa na majivu, na askari wa Boma walipouliza akawaambia ni dawa ya vikongwe ya kuharisha. Hakuna askari aliyetaka kukifungua. Baada ya mazishi ya Kilole alimwita Shebughe, akamtikisia kibuyu sikioni.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Hao ndio watu wako. Watafutie mahali pa kulala."

Ndipo Shebughe akaenda kwenye lango la Boma, lango la mninga ambalo wanaume wengi walikuwa wakilifungua kwa kusukumana, akaling'oa, akalitwika mabegani. Na watu wake wakapita chini yake, wazee, wagonjwa na waliobebwa, huku mishale ya walinzi ikigonga mbao kama mvua ya mawe. Alilibeba mpaka mto Mrindi uliofurika, akalilaza juu ya maji, watu wakavuka, kisha akalisukuma liende na mto, lisimrudishe mtu.

Hapa bondeni Hoza akawa mwalimu wao wa kula. Aliwaonyesha magimbi kando ya kijito, mlenda, mnafu, kunde za mwitu zinazotambaa miambani, na kumbikumbi wa kukaanga. Walitema, wakalalamika, wakala. Polepole fizi zikafunga na watoto wakaanza kukimbizana. Lakini mtama ulingoja mvua, na mvua haikuja. Shebughe akasimama mbele ya wote, kibuyu mkononi, akatamka neno lake:

"Hiki si chakula. Hawa ni watoto wa watoto wenu. Atakayeitia mbegu hii mdomoni mwake, au mwa nduguye, ataondoka peke yake kuelekea jua linakotua, hatatazama nyuma, na jina lake hatapewa mtoto. Awe nani, awe nani."

Watu wakaitikia, Hoza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mtoto mmoja tu hakupona. Mkunde, aliyeachishwa ziwa kwa unga mweupe, alitapika kila jani aliloletewa, akawa mwepesi hata baba yake akimbeba huoni kama amebeba kitu. Hoza alimchemshia mnafu kwa njia zote alizozijua. Kisha, siku zikipita, shavu la mtoto likarudi. Akaketi. Akasimama. Hoza alitembea kijiji kizima akijisifu.

"Mlisema mkono wangu umezeeka. Nendeni mkamwone Mkunde. Dawa yangu imemwingia."

Kumbe siku hizo hizo kibuyu kilikuwa kimebadili sauti. Hoza alikitikisa, akakitikisa tena, akaketi chini. Alijua mlio wa mbegu zake kama mnavyojua kikohozi cha waume zenu. Akapeleka habari kijitoni, na kijitoni ilipata miguu.

"Ni Nakiete," wakasema wanawake. Nakiete alikuwa mjane mwenye mdomo.

"Mwendo wake ule ni wa mtu aliyeshiba."

"Na juzi nilimwona anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Sasa, shoga, ningemfumbua mdomo?"

Hoza akacheka nao, akaongeza ya kwake. Aliporudi alikanda udongo mwekundu kwa mafuta ya mbarika, akaupaka kwa kijiti ndani ya shingo ya kibuyu, mahali ambapo mkono hauwezi kuingia bila kugusa. Rangi ile haitoki kwa maji wala kwa majivu. Hakumwambia mtu. Kwa mara moja maishani mwake, hakumwambia mtu.

Kesho yake mawingu yakasimama juu ya mlima. Watu wakakusanyika na majembe, wakilia na kucheka. Hoza akaleta kibuyu, akakimimina kwenye ungo mbele yao, na wote wakaona: nusu haipo.

"Kabla hatujapanda," Hoza akasema, "kila mtu anifunulie viganja." Akaenda moja kwa moja kwa Nakiete.

Nakiete akavifunua. Vilikuwa vyeupe kwa majivu ya jiko, vimepasuka kwa jembe, safi. "Tazama vizuri, mama," akasema. "Na vya hao wa kijitoni walionitafuna mimi, uvitazame."

Hoza akatazama mstari mzima. Safi, safi, safi. Ngurumo ikapiga. Akapumua, akageuka aseme kwamba pengine ni panya.

"Bado mmoja," akasema Nakiete.

Shebughe alisimama mwisho wa mstari, Mkunde akiegemea goti lake, na mikono yake ilikuwa ndani ya shuka, ijapokuwa hewa ilikuwa ya moto.

"Huyo si wa kuulizwa," Hoza akasema. "Nyamaza, wewe." Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye shavu la Mkunde, lile shavu jema la mviringo, na miguu yake ikaanza kutembea yenyewe.

Shebughe akatoa mikono kwenye shuka. Alikuwa amefumba ngumi.

"Majani aliyakataa, mama," akasema. "Uji wa mtama aliukubali. Nilichukua kidogo. Kila siku nilisema ni leo tu. Hata leo asubuhi."

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye ungo.

"Wewe ndiye uliyezikunjua mara ya kwanza," akasema Shebughe. "Zikunjue."

Na Hoza, mbele ya watu wote wa Mrindi, akaushika ule mkono uliobeba lango, akaanza kukunjua, kidole baada ya kidole, polepole, kama mtu anayeomba visiishe. Na kiganja kilipofunuka kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mvua ikinyesha juu yake, rangi haikutoka.